Sinyora Ersilia na Tuzo ya Sauti

Saa kumi na moja jioni Sinyora Ersilia alibisha mlango wetu kuuliza kama sweta langu la kijani lipo. Mama akamwambia lipo, ila limefuliwa mchana na bado lina maji. Sinyora akanigeukia, akasema nilivae hivyohivyo, litakaukia mwilini.

Mwaka juzi nilikuwa kwake na sweta hilo, kwenye kiti cha karibu na friji, filamu aliyoipenda ilipotwaa tuzo kuu. Tangu hapo mimi si jirani tena, ni hirizi. Wenzangu huitwa kwa elimu yao. Mimi, niliyekosana na upimaji ardhi katikati ya stashahada, huitwa kwa sweta. Hapa Campobasso, mji wetu mdogo wa Italia, hilo halimshangazi mtu. Mhasibu Tullio wa ghorofa ya pili, mtu wa hesabu miaka thelathini na nane, mechi ikifika penalti hujifungia chooni, na mkewe humgongea mlango kumpa matokeo.

Sinyora Ersilia ni mpishi wa kantini ya shule. Kwa miaka thelathini hajakosa kutazama kwenye televisheni sherehe ya tuzo za filamu za taifa. Anawajua wapiga picha wa sinema kama wengine wanavyowajua watakatifu, na anawateta kuliko watakatifu. Kwa kawaida hutukana magauni na kutabiri kila bahasha. Safari hii hakutabiri kitu. Kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya sauti alikuwamo Fiorenza, bintiye.

Walikuwa hawajazungumza tangu Pasaka mbili zilizopita. Fiorenza alikuwa amebakiza mitihani minne awe mfamasia, akaacha, akaenda Roma kushika maikrofoni kwenye filamu za watu. Na mama huyohuyo aliyempeleka sinema kabla hajajua kutembea akamwambia filamu ni za kutazamwa, kazi ni kitu kingine. Binti akakata simu. Kila mmoja akangoja mwenzake apige, na katika ukoo ule kungoja ni kipaji.

Nilifika saa mbili na nusu, nikakaa kwenye kiti changu, mgongo umelowa. Mhasibu Tullio alikuja na biskuti za shamari na chupa ya mvinyo wa mapovu. Sinyora akaipokonya chupa, akaificha nyuma ya ndoo, maana kinywaji cha kushangilia hakikai mbele ya jambo lisilotimia. Kisha akaiona tai ya Mhasibu: ya zambarau. Kwa watu wa jukwaani hakuna rangi yenye nuksi kama hiyo.

"Mhasibu, umekuja kutazama au kuzika?"

"Ni rangi ya bilinganya tu, Sinyora."

"Ivue. Bilinganya tutakula kesho."

Tai ikafungiwa kwenye droo. Nilitaka kucheka, lakini sweta lilikuwa limenibana mbavu kwa baridi.

Sherehe ikaanza. Watu wakapanda jukwaani, wakalia, wakashukuru. Nikagundua kwamba Sinyora hatazami magauni. Anasikiliza ni akina nani wanaoshukuriwa. Kila aliyesema "mama yangu" alimfanya aushike mguu wa meza, ule wa chuma, maana kwetu kugusa chuma hufukuza nuksi. Aliniuliza mara tatu watu wa sauti hupewa muda gani wa kuzungumza. Nikamjibu mara tatu: sekunde arobaini na tano.

"Zinatosha," alisema mara ya tatu. Kisha, taratibu: "Zinatosha hata kumsahau mtu."

Hapo nikaelewa. Hakuogopa Fiorenza ashindwe. Aliogopa ashinde, apande pale mbele ya Italia nzima, amshukuru hadi dereva wa gari la kubebea nyaya, na asimtaje mama yake; na jengo letu lote, ghorofa nne, lisikie. 

Ilipofika zamu ya tuzo ya sauti, Mhasibu akaenda zake chooni. Sinyora naye akaelekea roshani asione. Akafika mlangoni, akarudi. Akasimama nyuma yangu, akanikamata mabega mpaka maji yakachuruzika.

Nyuso tano zikajaa skrini. Fiorenza alikuwa amekata nywele. "Amekonda," mama yake akanong'ona. Bahasha ikafunguliwa, na jina likawa la mwanamume mmoja wa Torino mwenye ndevu.

Kamera ilibaki kwa Fiorenza labda sekunde mbili. Alikuwa akipiga makofi, anatabasamu kwa mdomo tu, kidevu amekikaza. Mikono ikaniachia mabega. Nilidhani Sinyora atashusha pumzi: hakuna hotuba, hakuna wa kusahauliwa. Akasema, "Kidevu hicho. Alikifanya hivyo siku alipoanguka na baiskeli mbele ya wenzake." Akachukua simu.

Mhasibu akauliza matokeo kutoka chooni. 

Simu iliita sana. Kwenye televisheni mwenye ndevu alikuwa anamshukuru mama yake. Kisha Sinyora akavuta pumzi, nikajua imepokewa.

"Ni mimi," alisema, akasikiliza. "Najua. Nimeona." Akaigeuzia televisheni mgongo. "Sasa nisikilize, Fiore. Ile sauti ya mvua kwenye filamu ya huyo wa Torino si mvua, ni mafuta yanakaanga kitu. Mimi napikia watoto mia mbili, mafuta hayanidanganyi. Yako ndiyo mvua. Nimekwenda kuisikia mara nne."

Filamu ya Fiorenza haikuletwa Campobasso. Mara nne maana yake ni basi hadi sinema ya mji wa Termoli, mara nne, bila kumwambia mtu. Hata hirizi hakuiaga.

Kamera ikapita tena kwenye safu ile ya viti, na kiti cha Fiorenza kilikuwa kitupu. Sinyora alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, simu sikioni.  Alikuwa anasikiliza, na kila baada ya muda anaitikia kwa kichwa, kana kwamba anaonekana.