Mbuzi wa Ubingwa

Mume wangu hakuchagua timu yake ya besiboli, alivishwa. Baridi yake ya kwanza Marekani, mtu wa kanisani alimpa jaketi zito lenye nembo ya timu ya New York kifuani, na tangu siku hiyo aliona ni utovu wa shukrani kushangilia wengine. Washington miaka ile haikuwa na timu yake, kwa hiyo majirani zetu wa Falls Church, pembeni mwa jiji hilo, walishangilia ya Baltimore. Yeye alipita katikati yao na jaketi lake hata mwezi wa tano, akitoka jasho kwa uaminifu.

Msimu ninaousimulia ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ulikuwa umeanza juzi tu mama yangu alipotua kutoka magharibi mwa Kenya kuja kunisaidia kulea. Binti yetu alikuwa na miezi mitatu. Mchana nilihudumia wazee, jioni nilisomea uuguzi, na mtihani wa leseni ulikuwa mwisho wa Oktoba. Bila mama ningeacha masomo, hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Na mama alikuja na sharti moja: hakai chumba kimoja na mkwe wake.

Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawalali nyumba moja. Wazee waliotunga mila hiyo walikuwa na mashamba. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule, na jiko la kugeukia kwa zamu. Jirani wa mlango wa pili, mjane kutoka Unguja, akampa mama kitanda huku akicheka.

"Jamani nyie watu wa bara," alisema. "Sie kwetu mkwe ni mwanao. Akikuudhi unamtuma sokoni."

Tatizo lilibaki jioni, maana mume wangu alirudi kutoka kazini kabla yangu. Wakagawana nyumba. Mama aliketi jikoni kwenye kiti nyuma ya ukuta, na mume wangu kwenye kochi upande wa pili wa ukuta huohuo, mbele ya televisheni. Kwenye mlango wa jiko, katikati yao, walimtandikia mtoto blanketi.

Jioni moja nilipanda ngazi nikasikia watu wawili wakizungumza kwangu. Nilishtuka. Nilidhani mila imevunjika na mama yuko njiani kufungasha.

"Mjukuu wangu," mama alikuwa anasema, "muulize baba yako, yule mwenye rungu ameketi au bado anasumbua?"

"Mama," mume wangu akamwambia mtoto, "mwambie kukhu amemiss mara mbili. Akimiss ya tatu anarudi kukaa."

"Mwambie baba yako, huyo kwetu angeshapewa jembe."

Kukhu ndiye bibi kwa lugha yetu. Mtoto, aliyebebeshwa ujumbe wote huo, alikuwa ananyonya kidole gumba. Nikasimama mlangoni na mkoba wangu begani, na hakuna aliyenisalimia mpaka yule mwenye rungu alipoketi.

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda. Timu ilishinda na kushinda, na mama akaijua. Yeye, mzee wa kanisa, alimpenda kuliko wote mchezaji hodari wa kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele kabla wapinzani hawajamshtukia. "Mwambie baba yako, leo mwizi wetu yuko?" Wengine alikuwa amewapa majina ya watu wa kijijini, na baadhi ya majina hayo nisingependa wenyewe wayasikie. Mimi nilisoma mezani na vidole masikioni, nikijiona mgeni kwangu. Nilikuwa na wivu, na sioni aibu kusema.

Kisha, siku chache kabla ya fainali, mume wangu akapiga pasi shati lake karibu na mlango. Mtoto alikuwa ameshajua kutambaa. Akauvuta waya. Mama akaruka kutoka jikoni, mume wangu akaruka kutoka sebuleni, vichwa vikagongana, na mkono wa mama ukaangukia juu ya mkono wa mkwe kwenye mpini wa pasi. Mtoto hakuungua, ila mama alitoka, na kwa jirani akaanza kukunja nguo.

"Nimemshika mkwe," aliniambia. "Nitakaaje tena hapo? Nibadilishieni tiketi."

Nilimkumbusha mtihani. Akalia, nami nikalia, na begi likabaki wazi kitandani.

Kosa kama hilo kwetu huondolewa kwa mbuzi. Akishalipwa na kuliwa, wawili hao huweza hata kukaa pamoja. Kesho yake mume wangu akaenda kwenye bucha ya halali, akarudi na mguu mmoja. Jirani akaupeleka.

"Mguu si mbuzi," mama akasema. "Huyo atafika wapi?"

Mume wangu akatuma jibu: fainali anashinda anayetangulia kufikisha ushindi mara nne. Kila ushindi, mguu mmoja, na huu uhesabiwe wa ushindi wa kwanza. Timu ikichukua ubingwa, mbuzi atakuwa amesimama na kosa limekwisha. Ikishindwa, mama aende zake na haki yake mkononi.

Nilitamani kumpiga na ule mguu. Masomo yangu ameyafunga kwenye marungu ya watu asiowajua! Mama naye akauliza kama hiyo si kamari.

"Kamari haramu, mbuzi halali," jirani akasema, na mama akarudi kwenye kiti chake.

Mwenyewe nilichelewa kuelewa. Mume wangu angeweza kununua mbuzi mzima siku ileile. Lakini alimjua mama: aibu ingemwondoa hata mbuzi awe ameshalipwa, ila kuondoka kabla ya kujua mwisho wa fainali asingeweza.

Wakashinda mchezo wa kwanza. Wakashinda wa pili. Baada ya wa tatu, mama na jirani waliomba kila mmoja kwa dini yake, na nadhani Mungu alishangaa kuombwa mbuzi kutoka Falls Church. Mchezo wa nne sikusoma hata ukurasa. Mtoto alikuwa amelala zamani pale mlangoni, lakini hakuna aliyethubutu kusema bila kupitia kwake.

"Mama," mume wangu akasema hatimaye, "mwambie kukhu mbuzi amesimama."

Kigelegele kilichotoka jikoni kilimwamsha mjumbe na nusu ya jengo.

Mtihani niliufaulu, nisikuache roho juu. Ila ninachokikumbuka zaidi ni Jumapili tuliyompika yule mbuzi, wiki moja kabla ya tarehe ya tiketi ya mama ya kurudi Kenya. Mama alivuka mlango, akaketi mwisho wa kochi na mkoba mapajani. Mume wangu akaketi mwisho wa pili. Ruhusa ilikuwepo, na hawakuwa na neno. Kimya kile kilinichosha, nikaenda kuangalia sufuria, nikakaa kwenye kiti cha mama kwa mara ya kwanza.

Kutoka pale televisheni haionekani. Nilisogea kushoto, nikasogea kulia. Ukuta tu. Msimu mzima mama hakuwa ameona hata mpira mmoja. Aliona alichosimuliwa na mkwe wake, jioni baada ya jioni.

Sebuleni nilimsikia mume wangu akimnyanyua mtoto, akimweka katikati yao kwenye kochi.

"Mama," akamwambia, "mwambie kukhu asiende."

Nikasikia mama akiuweka mkoba wake sakafuni.

"Mwambie baba yako," akasema, "kule hakuna wa kunisimulia."