Kitabu cha Kumi Ambacho Redio Haikukitaja

Evangelina alikuwa amezisema vibaya orodha za vitabu bora kwa miaka mingi. Kitabu si mbio za baiskeli, aliwaambia wanafunzi wake wa sekondari pale Rumonge, hakina wa kwanza wala wa mwisho. Kisha wakamwomba aingie kwenye komite ya kuchagua vitabu kumi bora vya mwaka, tena awe mwenyekiti. Hapo akaona kwamba orodha ikiandaliwa na mtu makini haina ubaya wowote. Akapeleka kitenge chake kipya kwa fundi.

Tabu ilianza kwenye kikao. Evangelina alikulia kambini Tanzania, akarudi Burundi na masanduku ya vitabu wakati wenzake wanarudi na mabati, na yeye ndiye aliyeangalia chumba cha kusomea cha parokia. Alijua kilichoingia mwaka huo: vitabu vipya saba.

"Basi tutangaze saba," alisema.

"Haiwezekani, Mwalimu," akajibu Chanceline, mtangazaji wa redio ya mjini. "Nimekwisha sema kumi hewani. Na mudhamini amekubali kumi."

Mdhamini alikuwa mzee Venanti, mwenye mashine za kukamua mawese huko Kizuka, naye ndiye mjumbe wa tatu. Hakuwa amesoma hata kimoja, lakini alivipima mkononi kimoja baada ya kingine, akapendekeza kile kizito kiwe cha kwanza. Kilikuwa historia ya barabara, na kilikuwa kizito kweli. Nafasi tatu zilizopungua zikajazwa na mwongozo wa kupanda michikichi, kalenda ya dayosisi yenye visa vifupi nyuma ya kila mwezi, na kijitabu cha maisha ya Venanti, kilichoandikwa na Venanti, chenye picha za Venanti.

Evangelina aliyameza hayo yote. Alichopigania ni riwaya moja nyembamba, ya dada wawili wanaogombea nyumba ya marehemu mama yao. Alikuwa ameisoma mara mbili, na mara ya pili maharagwe yalimwungulia jikoni.

"Hii ndiyo ya kwanza," alisema.

"Wanawake wanagombana tu," akasema Venanti. "Hiyo naisikia bure kwangu."

Walivutana mpaka Fanta zikaisha. Riwaya ikawa ya nne, ikashuka ya saba, ikaishia ya kumi, na kijitabu cha Venanti kikakaa kwenye nafasi ya nne. Evangelina akatia sahihi. Njiani alijituliza kwamba orodha hizi hazina maana, ila hakuelewa kwa nini basi alitaka kulia.

Jumapili baada ya misa, orodha ikasomwa hewani. Kufika kitabu cha nne, Venanti, aliyekuwa ameketi studio, akaomba awasomee wasikilizaji kurasa chache mwenyewe. Alizisoma taratibu. Chanceline alipomaliza cha tisa, muda ulikuwa umekwisha. Akasema, "Na cha kumi ni..." likaingia tangazo la sabuni, kisha taarifa ya habari.

Asubuhi yake Evangelina alimkuta Domitille mlangoni pa chumba cha kusomea, mama aliyekuwa akinunua ndagala, yaani dagaa, huko Magara na kuziuza sokoni.

"Amahoro, Mwalimu. Nataka kile kitabu walikata."

"Nani amekata?"

"Kile cha kumi. Tulisikia sisi wote. Alitaka kukitaja, wakamufunga mudomo."

Evangelina alijua vizuri kilichotokea. Sentensi moja ingetosha kumweleza. Badala yake aliitoa riwaya rafuni, akaifuta vumbi, akasema kwa sauti ya chini, "Usome polepole, mama. Mimi siwezi kusema mengi."

Kabla ya mchana watu walikuwa wamefika kutoka Gatete kukiulizia. Huko Magara, wavuvi walikuwa tayari wana habari yao: kitabu hicho kinawataja wakubwa wa mji kwa majina. Ikabidi Evangelina aagize nakala nyingine Bujumbura. Historia ya barabara iliazimwa na Venanti peke yake, alipokuja kupiga nayo picha. Wakati wa kuaga alikohoa kidogo.

"Mwalimu, mwaka kesho mimi muniweke ya kumi."

Domitille alirudisha kitabu kimelegea mgongo.

"Nilitafuta yale mabaya mpaka mwisho. Haiko."

"Pole, mama."

"Lakini yule mudogo, vile alisimama mulangoni mwa dada yake akashindwa kupiga hodi..." Akatengeneza kitenge. "Nilimupigia simu dada yangu. Tulikuwa hatuongei tangu mazishi ya baba. Tuliongea mpaka yuniti zikaisha."

Evangelina akaunyoosha mgongo wa kitabu. Domitille akainama karibu yake.

"Iko kingine walikata?"

Mwalimu akatazama rafu. Alijua angepaswa kumwambia ukweli, na alijua pia ukweli huo ungemrudisha mama huyu nyumbani mikono mitupu. Akanyoosha mkono juu kabisa, akateremsha kitabu cha mashairi ambacho hakuna mtu aliyewahi kukigusa.

"Hiki," alinong'ona, "hata kwenye komite hatukuthubutu kukitaja."

"Murakoze, Mwalimu," akashukuru Domitille, akakificha ndani ya kitenge.