Funda la Baba Kifuani mwa Mfaransa

Jambo lote lilinigharimu dola sitini na mbili: maegesho ishirini, shati jipya la Mfaransa arobaini na mbili. Nimehesabu mara mbili. Kilichobaki hakina bei, na ndicho kinachonikosesha usingizi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kibarua kwenye ghala la mvinyo huku ng'ambo, mji wa Landover. Baba akaja kutoka Kenya kututembelea nyumbani kwetu Germantown. Nilitaka kitu kimoja tu kwake. Niliondoka nyumbani bila kuagwa kwa desturi: kwetu mzee hupiga funda la pombe ya asali, akampulizia mwanawe kifuani. Hiyo ndiyo baraka. Kila nilipoigusia, alinijibu, "Yako iko nyumbani. Njoo uichukue."

"Baba, unajua nauli ni pesa ngapi?"

"Sijui. Si wewe uliyenilipia?"

Siku moja nikampeleka mjini, kwenye hoteli ambako wakulima wa Ulaya walikuwa wakiwaonjesha wenye maduka mvinyo wao. Mimi nilikuwa wa kubeba katoni. Baba akasimama kando ya meza ya Mfaransa mmoja, akawatazama watu wenye tai wakisukutua na kutema kwenye ndoo.

"Hawa wanaibariki ndoo?"

"Wanaogopa kulewa, Baba."

"Na huyu mwenye meza, mbona amekaa kama mfiwa?"

Nikamweleza: mvua ya mawe imemharibia mizabibu miaka miwili mfululizo. Ikirudi tena, atauza shamba. Baba hakungoja. Akanyakua glasi, akapiga funda, akamsogelea, na pfuuu! Shati jeupe likawa jekundu.

"Mwambie mawe hayatarudi," baba akasema.

Nikatafsiri, huku moyoni nikikadiria bei ya shati.

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege nilifungua koti, nikainama mbele yake. Akanipa mkono.

Alikufa nikiwa bado nasubiri nauli ishuke. Tangu hapo, mle ghalani, katika baridi ile ya kutunzia chupa, nasikia midomo ikipuliza nyuma yangu. Nageuka: katoni tu. Nazihesabu, zimetimia. Narudi kazini, pfuuu, na shingo yangu inapata unyevu. Mke wangu akasema ni mashine ya baridi. Mashine ikazimwa kwa matengenezo. Midomo haikuzimika.

Mwaka uliofuata Mfaransa akarudi, kanenepa. Mawe yalimpiga jirani wa kushoto na wa kulia, yakamruka yeye.

"Mzee yuko wapi?" akaniuliza.

Nilipomwambia, alivua miwani, akakaa juu ya katoni. "Sikumlipa chochote. Sasa nifanyeje?"

Nikamjazia glasi. Nikafungua vifungo vya shati langu, kimoja kimoja, mpaka tumboni.

"Bwana, ile ilikuwa yangu. Riba sidai. Nirudishie funda moja tu."