Nilivyomweleza Mzee Habari za Damu

Mtoto wa kwanza wa dada yangu alifariki siku ya tatu baada ya tohara, huko Kibirichia alikoolewa dada. Alikuwa amemaliza darasa la nane. Walitahiriwa watano siku moja. Wenzake wanne walipona, lakini yeye aliendelea kuvuja damu, na watu walipoamua kutafuta gari hakuwa na nguvu hata ya kuketi. Kabla ya matanga kuisha, wakwe walikuwa wakinong'ona kwamba dada ndiye aliyeleta laana nyumbani.

Miaka miwili baadaye mdogo wa marehemu alijigonga goti kwenye dawati, likafura, likakataa kupungua. Mimi nilikuwa nikiishi Embu na mume wangu, nikifundisha huko, nikamwambia dada amlete hospitali huku. Baada ya vipimo vingi, daktari mmoja kijana alituketisha akatuambia ni hemofilia. Damu ya mtoto haigandi inavyotakiwa. Amezaliwa hivyo, na mara nyingi mama huubeba ugonjwa huo bila kuugua, akampitishia mwanawe wa kiume; na binti naye aweza kuurithi, akaubeba vivyo hivyo.

"Kwa hivyo si mimi niliyemuua yule wa kwanza?" dada akauliza.

"Hapana, mama. Hakuna aliyekosea."

Dada alilia pale pale, akipangusa uso kwa leso ya mtoto.

Nikaona lazima wakwe wasikie. Jumapili iliyofuata tulienda Kibirichia. Langoni dada alinishika mkono. "Waambie ni ugonjwa tu, basi." Nikamjibu kwamba ukweli hauwezi kumdhuru. Nilikuwa mwalimu, nimezoea kueleza jambo mpaka lieleweke. Nikachana karatasi ya daftari, nikamchora mama, nikamchora baba na watoto, nikapiga mishale.

Baba mkwe wake alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Inatoka kwa mama?"

"Ndiyo, mzee, lakini si makosa ya..."

"Si kwa baba?"

"Si kwa baba."

"Asante sana, mwalimu. Sisi tulidhani ni laana. Kumbe ni damu ya kwenu."

Mume wa dada alikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Hakunitazama.

Viazi vya msimu huo vilichimbwa dada akiwa amesharudishwa kwetu na mtoto wake. Wazee wa pande zote mbili walipoketi, karatasi yangu ilipitishwa mkono kwa mkono. Hawakutaka ushahidi mwingine. Mwaka haukuisha kabla mume hajaoa mke mwingine.

Sasa dada amepanga chumba Majengo, anauza mboga. Mtoto amekuwa kijana anayechechemea. Kuna siku tunampeleka kliniki tunaambiwa dawa haipo, turudi wiki ijayo, kana kwamba goti litangoja. Mimi husaidia familia nyingine zenye ugonjwa huo. Mama wa mtoto akiniomba nikazungumze na wakwe zake, kwanza namuuliza kama kwao kuna mahali pa kurudi. Wengi husema hakuna, na mimi siendi.

Nilimwomba dada msamaha mara moja tu, tukiwa tunachambua sukuma wiki mlangoni pake. Hakuinua uso.

"Una mabinti wawili," akasema. "Umewapima?"

Sijawapima mpaka leo, wala sijajipima mwenyewe. Mume wangu anajua mtoto wa dada anaumwa. Mengine sijamweleza.