Bibi Aliyekalia Mfuniko wa Karo

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila masika yanapoanza kugonga bati. Ilikuwa kesho yake niolewe. Nyumba yetu ya Dunda ilijaa wageni kutoka Miono, mashangazi na mama wadogo wamelala mpaka barazani, nami mwali nimefungiwa chumbani na hina mikononi, siruhusiwi kugusa kitu. Asubuhi hiyo, mvua ikinyesha, choo chetu kikaanza kutoa sauti kama mtu anayesukutua.

Kilikuwa choo cha ndani, cha kuvuta maji, na wakati ule mtaani kwetu vyoo vya namna hiyo vilikuwa vya kuhesabika. Baba alijivunia sana. Alikuwa amechimbisha karo la kupokea majitaka uani, likajengewa matofali, likafunikwa kwa zege, na tangu hapo hakuna aliyelifikiria tena. Tulidhani karo ni kama kaburi, ukishafukia umemaliza.

Dalili zilikuwepo, ila tulizisoma kinyume. Mchicha ulioota kando ya karo ulinenepa, majani mapana, mama akawa anawagawia majirani kwa fahari. Bibi yangu mzaa baba, Bi Sikudhani, peke yake ndiye hakuutia mdomoni. "Mchicha usiomwagiliwa ukinawiri hivi," alisema, "ujue kuna mtu anaulisha." Tukacheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku hiyo hakucheka mtu. Maji machafu yalipanda yakafurika sakafuni, harufu ikaingia chumba hadi chumba, wageni wakaanza kuulizana kwa macho. Nikalia. Nikamwita baba, nikamwambia kesho wanakuja watu wa bwana harusi, uso wangu nitauficha wapi? Baba alikuwa mtu mpole, na machozi yangu yalimchanganya. Hapo akaingia baba mdogo Hamisi, mtu mwema lakini mwenye pupa.

"Mvua yenyewe hii, Mungu katuletea," akasema. "Tulitapishe karo. Tunatoboa pembeni, tunachimba kamfereji, maji ya mvua yanachukua kila kitu. Adhuhuri haifiki, kumekauka."

Usimshangae. Wengi walitapisha vyoo vyao mvua ikinyesha, na mpaka leo wapo wanaoingoja mvua kwa ajili hiyo tu.

Mfereji ungeelekea mteremkoni, na mteremkoni, ng'ambo ya ua wa makuti, palikuwa na kisima cha Bi Chausiku. Sasa lazima ujue kwamba Bi Chausiku na bibi yangu walikuwa hawasemezani miaka mingi. Mbuzi wa Bi Chausiku alikula makopa ya muhogo ya bibi yaliyoanikwa juani, na mwenye mbuzi akamkana mbuzi wake naye bado anatafuna. Tangu hapo wakipishana njiani, kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama upande wa pili. Kwa hiyo sikutegemea bibi aseme lolote.

Nikachungulia dirishani. Baba mdogo ameshika sururu, baba ameshika koleo. Mara bibi akatoka, kanga kichwani, kigoda mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili. Akaweka kigoda juu ya mfuniko wa karo, akakaa, akafungua mwavuli.

"Mama, inuka, utalowa," baba akamwambia.

"Nimeshalowa."

"Tunataka kutapisha karo kabla mvua haijakatika."

"Mimi nipo hapa. Tapisheni."

Baba mdogo akajaribu njia nyingine. "Mama, kisima chenyewe ni cha Chausiku. Yule hata salamu yako haitikii."

Bibi akamtazama mpaka akainamisha kichwa. "Hamisi, mimi nimegombana na Chausiku. Sikugombana na wajukuu zake. Na nani kakwambia maji ya chini yanajua mpaka wa ua? Huu ni mchanga wa pwani, hauzuii kitu. Unachomwaga hapa leo, kesho kinakorogewa uji."

Kisha akageukia dirisha langu. Sikujua kama ameniona.

"Na wewe, mke mwenzangu, nyamaza. Harufu itaondoka na upepo. Umesahau masika yaliyopita, watoto wa mtaa wa pili walivyoharisha watu walipotapisha vyoo, na yule mmoja tuliyemzika? Unataka harusi yako ikumbukwe kwa hilo?"

Mwanangu, machozi yalikauka yenyewe. Yule mtoto nilikuwa nikimbeba mgongoni. Nilimfikiria yeye, nikaifikiria aibu yangu, nikaona nimelilia kitu kidogo. Baba akaweka koleo chini.

Kumbe nyuma ya ua wa makuti Bi Chausiku alikuwa akikinga maji ya mvua, na kila neno amelisikia. Tukamwona anapenya, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani.

"Sikudhani," akaita, na jina hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwake miaka mingi. "Unafanya nini mvuani na uzee wote huo?"

"Nakulindia kisima."

Bi Chausiku akasogea hadi kwenye kigoda. Kisha akasema, "Yule mbuzi alikuwa wangu."

"Najua. Alikuwa na makopa mdomoni."

Wakaanza kucheka, wale wazee wawili, mpaka mwavuli ukamponyoka bibi.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Choo chetu kikafungwa, hakuna kumwaga tone. Bi Chausiku akatufungulia choo chake cha shimo, kilichokuwa mbele ya nyumba yake, mbali na kisima, na majirani wengine waliposikia nao wakafungua milango. Pilau likapikwa uani kwake. Watu wa bwana harusi walipofika, baba aliwaambia wazi kilichotokea, mimi ndani nimeuma kanga kwa haya. Mama mkwe wangu akajibu, "Nyumba isiyoficha habari ya choo chake, haitanificha kitu." Nikaolewa, na nilikula nikashiba.

Mvua zilipokatika, baba aliita gari la kunyonya maji taka kutoka mjini. Fundi alipofunua mfuniko, tope lilikuwa limejaa mpaka shingoni, na bomba la kutolea maji limezibwa na matambara, manyoya ya kuku na mafuta yaliyoganda. Akatueleza kwamba karo kazi yake ni kutuliza uchafu chini, maji yaliyopungua uchafu yatoke yaende shimo la pili yafyonzwe na mchanga polepole. Tope lisipotolewa, lenyewe ndilo linalotoka. Baba akachimba shimo la pili jipya upande wa barabarani, mbali kabisa na kisima. Na bibi na Bi Chausiku, hao wakawa wanaanika makopa jamvi moja mpaka Mungu alipowachukua.

Nayasema haya kwa sababu nawaona mnajenga, kuanzia Dunda hadi Makurunge, nyumba nzuri, mashaallah, choo kila chumba, na kisima uani. Kabla hujachagua rangi ya ukuta, jua maji yako machafu yanakwenda wapi, na kisima cha nani kiko mbele yake. Usijenge kibanda juu ya karo. Acha njia ya gari kufika. Funua mfuniko utazame, au mwite anayejua atazame, hata kama hakuna kinachonuka, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Linyonywe kabla halijajaa, na choo usikifanye jalala. Ukiona maji yanachelewa kushuka, au ardhi imelowa kiangazi, usipulizie marashi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na karo likikushinda, mwambie jirani mapema. Mficha uchi hazai, na jirani akijua mapema atachemsha maji ya wanawe. Lakini kutapisha, mwanangu, hapana. Hilo hata wakikuita mjinga, likatae.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba yenye kheri na majirani wa kusemezana nao. Akupe watoto wenye siha, na maji unayoweza kumpa mgeni bila kusitasita. Amina.