Kachungulia

Mimi nachinja na kunyonyoa bata sokoni Kariakoo. Manyoya mengi natupa, ila yale laini ya juu ya mkia, pale penye mafuta, nilikuwa namwekea Khalfani kwenye mfuko.

Khalfani alikuwa fundi wa kufunga chambo, ghorofani, mtaa wa nyuma ya Msimbazi. Kufunga ndiyo kazi yenyewe: ndoana ndogo inabanwa kwenye jiliwa, kisha inazungushiwa uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Wazungu wanavulia samaki kwao, kwenye mito ya baridi. Chambo alichokiweza kuliko wenzake ni cha mdudu anayekulia ndani ya maji, na siku ya kuota mbawa anapanda juu, anachana ngozi yake ili atoke. Khalfani alimfunga akiwa bado katikati: kiwiliwili kinaning'inia majini na ganda lake nyuma, mbawa ndiyo kwanza zinachomoza. Samaki humtaka huyo, maana hawezi kuruka wala kurudi chini. Pale kazini mdudu huyo wa kufunga walimwita Kachungulia.

Mwenye karakana, Robert, alikuwa ameahidi kwamba mnunuzi mpya akimpenda Kachungulia, Khalfani atakuwa fundi mkuu. Khalfani akamwambia mkewe, Sabaha. Sabaha akawaambia majirani.

Mnunuzi alipokaribia kuja, Matilda, mdogo wa mke wa Robert, alianza kulalamikia harufu.

"Shemeji, mgeni atadhani tumempeleka banda la kuku."

Akachukua manyoya yote, akayaloweka kwenye sabuni ya unga, akayasuuza, akayaanika juani. Yakatoka meupe, yananukia kama shuka jipya.

Khalfani aliyashika tu, akajua.

"Bosi, haya yamekauka. Mafuta ya bata ndiyo yanayomfanya Kachungulia aelee."

"Khalfani, kazi yako nini hapa?"

"Kufunga."

"Basi funga."

Akafunga.

Siku ya mgeni nilipanda kupeleka mfuko mwingine. Nikakuta beseni la maji mezani, watu wamelizunguka. Mgeni akamdondosha Kachungulia wa kwanza. Alikaa juu kidogo, mbawa zikalowa, akazama. Wa pili akazama. Wa tatu hata hakukaa. Mgeni akashukuru kwa upole, akachukua begi lake, akaaga.

Matilda akasema, "Kumbe huyu Kachungulia kachungulia, kaona bora akalale."

Watu wakacheka. Khalfani hakucheka.

"Manyoya yamefuliwa, bosi. Nilikwambia."

"Unamsingizia shemeji yangu?"

Mimi si msemaji. Nilitoa unyoya mmoja kwenye mfuko wangu, nikaudondosha kwenye beseni. Ukaelea. Robert akautazama, akamtazama Matilda, akautoa kwa kidole na kuufuta kwenye suruali yake.

"We muuza bata, nani kakuita?"

Kisha akamgeukia Khalfani. "Funga."

Khalfani akakaa haraka, akashika uzi. "Nifunge kwa haya mapya, bosi?"

"Funga virago."

Khalfani akasimama na uzi mkononi. Akauviringisha vizuri, akauweka mezani, maana haukuwa wake.

Siku hizi fundi mkuu ni Matilda. Nasikia Kachungulia wao anawekwa sponji, na sponji hainuki. Khalfani tuko naye sokoni, anafunga kuku miguu kwa ajili ya wateja. Anazungusha kamba, anapitisha chini, anavuta, kwa fundo lile lile.

"Kaza, mjomba," mama mmoja alimwambia jana, "asije akaruka njiani."

"Huyu haruki, dada."

Majirani wakimuuliza Sabaha kama mumewe bado yuko kule, anajibu kwamba mumewe bado anafunga. Hasemi uongo.