Mistari Kumi na Miwili ya Askari Kiwete

Barnaby Fenn alikuwa mwoga, na nasema hivyo huku nikimpenda. Zamani hakuwa hivyo. Alikwenda kupigana vita vya Flandria, ng'ambo ya bahari, akiwa kijana wa kelele nyingi, akarudi amepungukiwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, na mlango ukibamizwa tu anaruka. Mkono wa kulia ulibaki mzima, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, ndiyo maana ukumbi wetu wa michezo, ng'ambo ya mto Thames, ukampa kazi ya kunakili. Mimi nilishona mavazi. Mume wangu Gilbert aliigiza sehemu ndogondogo.

Kwetu mwigizaji hapewi mchezo mzima. Hupewa karatasi yenye maneno yake tu, na kabla ya kila kauli, maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake, ili ajue zamu yake imefika. Kitabu chenye mchezo wote alikishika Barnaby peke yake.

Kiangazi kile London nzima ilikuwa roho juu. Wahispania wanakuja, watu walisema. Minyororo ikafungwa barabarani, na wanaume wakakamatwa hata makanisani wapelekwe vitani Ireland. Sisi tukatunga habari ya jemadari wa Roma aliyewaacha askari wake wafe njaa kinamasini. Roma gani! Kila mtu alijua ni kinamasi cha Ireland. Mkaguzi wa serikali, aliyesoma kila mchezo kabla haujachezwa, naye alijua, akafuta mistari kumi na miwili ya askari kiwete, aliyeigizwa na Gilbert.

"Ukisikika hata mmoja, shemeji," Barnaby aliniambia, mkono wa kulia ameuficha kwapani, "huu wanaukata."

"Basi futa vizuri."

"Nimefuta kitabuni, nimefuta kwa Gilbert. Unataka nifute na ukutani?"

Kwenye karatasi ya Ambrose, aliyeigiza jemadari, alisahau kufuta. Maneno ya kumpa zamu yalibaki yaleyale: "mkatuacha matopeni", maneno ya mwisho ya mstari wa kumi na mbili.

Alasiri ya mchezo, kapteni mmoja wa wakamataji wa askari alikaa roshani, watu wake wamesimama milangoni. Mimi na Barnaby tulikuwa nyuma ya pazia. Gilbert akasema maneno aliyoachiwa, akanyamaza. Ambrose naye kimya, anangoja zamu yake.

"Jemadari, umemeza ulimi?" mtu akapayuka, na maganda ya njugu yakaanza kurushwa jukwaani.

"Shemeji," Barnaby akanong'ona, uso umesawijika, "karatasi ya Ambrose!"

"Mnong'oneze aendelee!"

Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Gilbert, ambaye hakuvumilia kuona mwenzake akiaibika, akarudia mistari ya zamani. Alikuwa ameshaikariri. Akaisema yote kumi na miwili, na ukumbi ukawa kimya hadi mwanamke mmoja alipoangua kilio.

Mchezo ulipokwisha kapteni akaja nyuma.

"Nani kayarudisha maneno yale?"

Gilbert alimtazama Barnaby, kisha mkono wake wa kulia.

"Mimi, bwana. Ulimi hauna mfupa."

"Na huo mguu? Hebu tembea."

Gilbert akatembea. Mguu ulikuwa mzima.

"Ireland wanaitaka miguu kama hiyo," kapteni akasema, na watu wake wakamshika mume wangu akiwa bado amevaa matambara ya mchezoni.

Barnaby akarudi nyuma hatua moja, akauficha mkono wa kulia kwapani.

Huu ni mwaka wa nne, na Gilbert hajarudi. Kila Jumapili Barnaby huniletea mkate, huuweka mezani kwa mkono ule wa kulia, halafu huuficha mkono tena kwapani. Mara ya kwanza nilitaka nimtupie usoni. Lakini Gilbert alipokuwa akitembeshwa nilisimama hatua mbili kutoka kwa kapteni, nimekumbatia joho la jemadari, na nilijua kosa ni la nani. Niliogopa, nikanyamaza. Nikaukata mkate, nikampa Barnaby nusu.